Gari dogo lenye umri: kusoma dalili kabla ya kununua spea

Gari dogo la injini ya lita 1.0 hadi 1.6 likishapita miaka kumi na tano na kilomita laki mbili huanza kudai vitu vyake kwa mpangilio unaojulikana. Mpira hukauka, sili huvuja, viungio vya nyaya hupata kutu, beringi huisha, plastiki ya rejeta hupasuka. Injini yenyewe mara nyingi bado ina maisha. Kinachowamaliza wenye magari haya ni kubadilisha vitu kwa kubahatisha. Nimeona gari limewekewa betri mpya, kisha stata, kisha altaneta, halafu tatizo likakutwa kwenye waya wa athi, ule wa upande hasi wa betri, uliolika pale unapofungwa kwenye injini. Waya ule ulikuwa wa bei ndogo kuliko vyote vilivyonunuliwa kabla yake.

Basi kabla hujafungua boneti, andika dalili inatokea lini. Injini ikiwa ya baridi au imeshapata moto? Mvua ikinyesha? Ukikata kona, ukienda moja kwa moja, au ukikanyaga breki? Tangi likiwa karibu tupu? Ukisimama dakika kumi na kutaka kuwasha tena? Ukienda kwa fundi na majibu haya, unampunguzia saa za kutafuta, na saa hizo wewe ndiye unayezilipa. "Gari halivuti" haimsaidii. "Halivuti mlimani likishapata moto, asubuhi liko sawa, taa ya injini haiwaki" inamfikisha nusu ya njia.

Halitaki kuwaka

Tenganisha kwanza: stata haizungushi injini, au inaizungusha lakini injini haishiki moto? Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Stata isipozungusha, chukua mita ya umeme. Hata ile ndogo kabisa inatosha. Betri nzima iliyolala usiku bila kuguswa husoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 iko tupu. Washa gari, pima tena: injini ikinguruma unataka kuona kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, altaneta haichaji. Hapo angalia mkanda wake, soketi yake na fyuzi kabla ya kununua nyingine. Mara nyingi kilichoisha ni kaboni au regyuleta, vitu ambavyo fundi umeme huvibadilisha na kukurudishia altaneta yako.

Kipimo cha tatu watu hukiruka, na ndicho chenye faida zaidi. Weka mita kwenye betri, mtu awashe. Ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inavuta, betri imechoka hata kama ilisoma 12.6 ilipokuwa imetulia. Ikibaki juu ya 11 na stata bado inazunguka kivivu au inatoa "ka!" moja na kunyamaza, umeme upo ila haufiki. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mtu awashe tena. Njia nzuri husoma chini ya volti 0.3. Ukiona 1 au zaidi, umeme unapotelea kwenye athi: fungua kiungo, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza upya, au badilisha waya. Rudia upande wa chanya, kutoka betri hadi nguzo kubwa ya stata. Njia zote mbili zikiwa safi, ndipo stata iwe mshukiwa, na hata hapo anza na pleti za shaba zilizo ndani ya solenoidi yake, kwani hulika mapema kuliko mota.

Betri inayokufa usiku bila sababu ina kitu kinachoinyonya. Funga gari, subiri nusu saa vifaa vyote vilale, kisha pima mkondo unaotoka: chini ya miliampea 50 ni kawaida. Ukizidi, chomoa fyuzi moja moja hadi ushuke. Kwa magari haya mimi huanza na redio na alamu zilizofungwa baadaye.

Stata ikizungusha vizuri lakini moto haushiki, weka swichi ya "on" na usikilize upande wa tangi. Kwenye magari mengi pampu ya petroli huvuma kwa kama sekunde mbili. Kimya? Fyuzi, rilei, kisha pampu. Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka, kwa hiyo mazoea ya kutembea taa ya petroli ikiwaka huifupishia maisha. Na kama gari huzimika likiwa la moto kisha huwaka likipoa kana kwamba halikuwa na shida, sensa ya kranki, inayosoma mzunguko wa injini, ndiyo ya kwanza kupimwa. Ni sensa ya bei ya chini, ila imewafanya watu wengi wanunue pampu.

Linachemsha

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa zaidi. Hedi ya alumini, sehemu ya juu inayofunika silinda za injini, inaweza kupinda kwa kuchemsha mara moja tu. Mshale ukipanda kupita kawaida yake, zima AC, washa hita kwa feni ya mwisho ili ivute joto kutoka kwenye injini, egesha, zima. Kifuniko cha rejeta usikiguse hadi hosi ya juu ishikike kwa mkono bila kuunguza. Maji yaliyo kwenye mgandamizo hugeuka mvuke papo hapo unapofungua, na yameunguza nyuso za watu waliokuwa na haraka.

Sasa swali la lini. Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukipata mwendo, feni haifanyi kazi. Washa AC gari likiwa limesimama: kwa magari mengi feni inapaswa kuzunguka muda huohuo. Isipozunguka, fyuzi, rilei, soketi, kisha mota yenyewe. Likichemsha kwa mwendo mkubwa au mlimani na foleni halilalamiki, maji hayazunguki ya kutosha: rejeta imeziba ndani au mapezi yake yamejaa uchafu, pampu ya maji imelika, au hosi ya chini imelainika na inajibana ukipiga resi. Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, hosi ya juu ikiwa ya moto na ya chini baridi, thamostati imegoma kufunguka. Nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88, na unaweza kuijaribu kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto. Kazi yake kwa kawaida ni saa moja.

Kuna mazoea ya kuitoa thamostati kabisa "ili gari lipoe". Nayapinga. Injini isiyofika joto lake hupewa petroli nyingi kuliko inayohitaji, hula zaidi, na petroli isiyoungua huichafua oili. Isitoshe, ukishaitoa umeficha tatizo la rejeta ambalo litarudi likiwa kubwa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuhangaika na gari lililokuwa linapunguza maji kila wiki. Hakuna tone chini, hakuna moshi, mazulia ya mbele makavu. Gereji moja ilibadilisha rejeta, nyingine pampu ya maji. Maji yakaendelea kupungua. Siku moja nikakitazama kifuniko cha rejeta kwenye mwanga wa jua: mpira wake wa ndani ulikuwa umepasuka ufa mwembamba kama unywele, nusu ya mzunguko. Kifuniko kile kilikuwa kimeandikwa 0.9, maana yake kushikilia mgandamizo wa karibu bar 0.9. Kwa mgandamizo huo maji huchelewa kuchemka hadi karibu nyuzi 118. Kifuniko kisiposhika, huanza kuchemka kwenye 100 kama sufuria jikoni, yakatoka kama mvuke nikiwa barabarani nisione kitu. Nilibadilisha kifuniko, na maji hayakupungua tena. Tangu siku hiyo, gari lolote linalochemsha naanza na kifuniko.

Maji yakipungua, tafuta pia alama nyeupe au za kijani zilizokauka kwenye kiungo cha plastiki na alumini cha rejeta, na kwenye tundu dogo lililo chini ya pampu ya maji. Tundu hilo limewekwa makusudi lionyeshe sili ikivuja. Zulia lililolowa miguuni pamoja na harufu tamu ni rejeta ya hita.

Gasketi ya hedi ndiyo hukumu ambayo watu hupewa haraka mno. Dalili zake za kuaminika ni mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta injini ikinguruma, hosi kuwa ngumu dakika mbili tatu tu baada ya kuwasha injini ya baridi, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu usiokatika hata injini ikipata moto, na oili kugeuka rangi ya maziwa kwenye dipstiki. Ute mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake hautoshi kumhukumu mtu: gari la safari fupi fupi hukusanya mvuke hapo. Kabla hujakubali hedi ifunguliwe, omba kipimo cha dawa ya buluu inayowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Gesi ya moshi ikiwamo, dawa hugeuka njano. Ni kipimo cha dakika kumi kinachokukinga na kazi ya siku kadhaa.

Hedi ikishafunguliwa, omba iwekewe rula ya chuma na fila (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) mbele yako. Vitabu vya ukarabati vya injini ndogo nyingi huruhusu mpindo wa milimita 0.05 hadi 0.1 tu. Kurudisha gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kulipia kazi ileile mara mbili. Na kama kitabu cha injini kinataka bolti mpya, nunua bolti mpya.

Linamisi, taa ya injini inawaka

Taa ya injini ikipepesa huku gari likitetemeka, punguza mwendo na simama mapema. Petroli isiyoungua inaingia kwenye katalisti, kile kisafisha moshi kwenye bomba, na kuiunguza, na katalisti ni miongoni mwa spea ghali kwenye gari dogo. Ikiwaka bila kupepesa una muda wa kupanga.

Kodi, yaani namba ya hitilafu inayosomwa na mashine, inakuambia mahali pa kuanzia kutafuta. P0302, kwa mfano, inasema silinda ya 2 inamisi, yaani haichomi petroli ipasavyo, haisemi kwa nini. Hamisha koili ya silinda ya 2 uipeleke ya 3, futa kodi, endesha. Kodi ikigeuka P0303, koili ni mbovu na umethibitisha bila kununua chochote. Ikibaki palepale, fanya hivyohivyo kwa plagi. Ikibaki tena, angalia nozeli, kisha pima kompresheni. Ukitoa plagi na kuikuta imeloa oili upande wa juu, sili za matundu ya plagi zimeisha. Zibadilishe kabla oili haijaua koili mpya. Mwenye Honda Fit ya kwanza yenye injini ya i-DSI akumbuke kwamba kila silinda ina plagi mbili, jumla 8. Nimekuta magari yaliyobadilishiwa nne za mbele tu kwa sababu za nyuma zinafikika kwa shida.

P0171, yaani hewa nyingi kuliko petroli, kwa gari la umri huu mara nyingi ni mpira wa hewa uliopasuka baada ya chujio, au sensa ya hewa iliyochafuka, ambayo husafishwa kwa dawa yake maalumu bila kuguswa kwa kidole. P0420 inaitaja katalisti, lakini bomba la moshi linalovuja kabla ya sensa hutoa kodi hiyohiyo. Tafuta uvujaji kwanza.

Gari likitetemeka na kutaka kuzima likisimama tu, likitembea liko sawa, fungua throto uone. Ukikuta tope jeusi kwenye kingo za kipepeo chake, usafi pekee unaweza kumaliza shida. Magari mengine huhitaji kufundishwa upya mwendo wa kusimama baada ya hapo, kwa hiyo usishtuke resi zikipanda siku ya kwanza.

Moshi, na oili inayopungua

Moshi wa buluu ni oili. Ukitoka kwa sekunde chache asubuhi kisha ukakatika, ni sili za valvu. Ukitoka kila ukikanyaga, ni ringi za pistoni. Moshi mweusi ni petroli nyingi. Kuna injini zilizotoka kiwandani na udhaifu wa oili: 1ZZ-FE ya Toyota ya miaka ya mwanzo, iliyomo kwenye Corolla za karibu 2000, pistoni zake zilikuwa na matundu madogo ya kurudishia oili ambayo huziba, ringi zikakwama. Toyota ilikuja kuzibadilisha pistoni hizo.

Kabla ya kufikia huko, badilisha valvu ya PCV, ile ndogo inayopitisha mvuke wa oili kurudi kwenye injini. Ikikwama, injini hula oili kama imeisha. Kisha pima kwa uaminifu: jaza hadi alama ya juu, tembea kilomita 1,000, jaza tena ukiandika umeongeza kiasi gani. Nusu lita unaweza kuishi nayo kwa miaka ukikagua dipstiki kila wiki, kwa gharama ndogo mno ikilinganishwa na kufungua injini. Injini nyingi za namna hii hufa kwa kukauka oili, si kwa kula oili.

Giaboksi

Otomatiki ya kawaida inayochelewa kushika gia au kupiga kishindo, angalia kwanza kiwango na rangi ya oili yake. Nyekundu safi ni heri. Kahawia yenye harufu ya kuungua ni onyo. Kwa CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, oili ni suala la uhai: ina oili yake, na ATF, yaani oili ya otomatiki ya kawaida, huiharibu. Fit za kizazi cha kwanza hujulikana kwa kutetemeka wakati wa kuondoka, na mara nyingi oili sahihi ya Honda, ikifuatwa na utaratibu wa kuifundisha klachi ya kuondokea, huondoa au hupunguza tetemeko hilo. Jaribu hilo kabla ya kukubali giaboksi ya mtumba isiyojulikana ilikotoka.

Mtetemo ukiwa kwenye D umekanyaga breki, unaokwisha ukiweka N, usilipie giaboksi. Ni mpira unaoshikilia injini uliokatika.

Kwa manyuo, yaani gari la gia za mkono, panda mlima kwa gia ya nne na ukanyage: resi zikipanda na mwendo usipande, klachi imeisha. Kazi hiyo ni saa kadhaa za kushusha giaboksi, kwa hiyo badilisha diski, presha pleti na beringi ya klachi pamoja, na sili ya nyuma ya kranki ikiwa inavuja.

Milio ya chini

"Ka-ka-ka" ukikata kona huku unakanyaga mafuta ni jointi ya nje ya drafti, ile shafti inayozungusha gurudumu. Buti lake la mpira likipasuka mapema na likagunduliwa, unabadilisha buti na grisi tu. "Gongo-gongo" kwenye matuta madogo, mara nyingi ni linki za stebilaiza, kisha bushi za mkono, kisha mpira wa juu wa shokapu. Usianze na shokapu kwa kuwa ndizo zinazojulikana jina.

Mvumo unaopanda na mwendo, kama ndege ya mbali, unachanganya beringi na tairi. Kwenye barabara tupu na mwendo wa wastani, yumbisha usukani taratibu. Ukielekea kulia, uzito unalalia magurudumu ya kushoto. Mvumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kushoto. Usipobadilika, pitisha kiganja juu ya tairi mbele na nyuma: ukihisi meno kama ya msumeno, ni tairi. Jambo moja la kuthibitisha beringi ni kuinua gurudumu, kuweka vidole viwili juu ya koili ya springi, na kulizungusha kwa mkono wa pili. Beringi mbovu unaihisi ikisaga kwenye chuma cha springi hata kabla hujaisikia.

Breki

Pedali inayozama taratibu ukiikanyaga na kuishikilia ni hatari, gari lisitembee. Pedali laini ni hewa au oili ya breki iliyozeeka. Oili hiyo hufyonza unyevu, na miaka miwili inatosha kuibadilisha. Usukani unaotetemeka ukifunga breki ni diski, na unene wa chini unaoruhusiwa umegongwa kwenye diski yenyewe. Gari likivutia upande mmoja na rimu ya upande huo ikiwa ya moto kuliko mwenzake, kalipa imekwama. Pini zake zisafishwe na kupakwa grisi inayofaa kabla ya kununua kalipa.

Kupanga gharama

Panga kwa utaratibu huu: breki, usukani na tairi, halafu chochote kinachoweza kuua injini, yaani kupoza, oili na mkanda wa taiming, halafu kinachokuzuia kuwaka, mwisho kelele na starehe. AC isiyopoa inaweza kusubiri. Mkanda wa taiming usiojulikana ulibadilishwa lini hausubiri: kwa injini nyingi ukikatika pistoni hugonga valvu, na bili inageuka kutoka mkanda hadi hedi. Mikanda mingi hupangiwa kubadilishwa kati ya kilomita 60,000 na 100,000, na umri pia huhesabiwa. Pampu ya maji ikiwa inazungushwa na mkanda huo, ibadilishwe siku hiyohiyo, maana malipo makubwa ni ya kufungua, na tayari umefungua.

Kwa mtumba mimi hununua altaneta, mota ya feni, kalipa, vioo na milango. Sinunui mtumba wa mkanda, pampu ya maji, sensa ya kranki, beringi wala mpira wowote, kwa sababu vina umri uleule wa gari lako.

Kitu kinachonifanya niliache gari ni kutu. Injini na giaboksi hupatikana. Chasisi iliyotoboka pale mikono ya magurudumu inapofungwa haina spea. Inua gari, chukua bisibisi, gonga kingo za chini ya milango na sehemu zinazoshika mikono ya mbele na ekseli ya nyuma. Bisibisi ikizama, usilipie gasketi, klachi wala koili za gari hilo.